Mfumo ni wa chuo, bando ni la nani?

Makamanda, chuoni kwetu ukisikia "TEHAMA katika ufundishaji" ujue mhadhiri katupia slaidi 90 kwenye grupu la WhatsApp usiku wa manane, na jaribio linafunguliwa kwenye mfumo saa 2 asubuhi. Bando? Juu yako. Wifi inashika pale utawala tu, maktaba hakuna kitu. Wiki iliyopita mwenzangu wa chumbani alilala njaa ili anunue bando apakie kazi yake.

Wakati wa korona mwaka 2020, Afrika Kusini walizibana kampuni za simu, tovuti za vyuo zikafunguka bila kukata bando. Sisi vyuo vilifungwa Machi, Juni tukarudi kwenye ubao uleule. Serikali inashindwa nini kuziita kampuni hizo mezani? Ada si tumeshalipa, jamani?