Punda wa Kalamba naye anahitaji daktari

Mazee, tuanze na neno moja: pepopunda. Ni ule ugonjwa tunaouogopa tukikanyaga msumari, na Waswahili wamemtia punda kwenye jina lenyewe. Kweli, punda na farasi huugua pepopunda kwa urahisi kuliko mifugo wengi. Chanjo ipo. Sasa niambie, ni punda gani wa ushago unayemjua aliyewahi kuchanjwa?

Mimi si daktari. Hata chuo nilikiacha katikati. Lakini mwaka jana nilikuwa kwa susu wangu, Kalamba, punda wake alipoanza kugaagaa chini, jasho likimtoka, kila mara akigeuka kutazama ubavu wake. Tuliita mhudumu wa mifugo, akaja mbio. Moyo alikuwa nao. Ng'ombe anawajua vizuri, ila punda hakufundishwa. Alimdunga dawa ya ng'ombe, akasema tungoje. Asubuhi punda alikuwa amekufa, na susu akarudi kubeba mtungi mgongoni.

Dalili zile ni za msokoto wa tumbo. Punda na farasi hawawezi kutapika, kwa hivyo tumbo likijaa hakuna pa kutokea. Daktari aliyesomea wanyama hawa hupitisha mpira puani hadi tumboni kupunguza shinikizo, na utumbo ukijipinda, hupasua. Farasi wa mashindano kule Ngong, Nairobi, wana madaktari wao. Siwaonei wivu. Nauliza tu mbona punda, ambaye ni jamii moja nao, aachiwe bahati.

Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8 Kenya. Ile ya 2019 ikapata takriban milioni 1.2. Katikati hapo, machinjio ya punda yalikuwa yamefunguliwa kwa sababu ya soko la ngozi China. Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika walikubaliana kusitisha biashara hiyo kwa miaka 15. Poa sana. Lakini punda aliyeponea kisu akafa kwa tumbo au kwato zilizooza, tumemwokoa na nini?

Najua kuna atakayesema hata watu hawana madaktari wa kutosha. Sawa, lakini punda mmoja hubeba mitungi minne ya lita 20. Kwa boma lisilo na bomba, yeye ndiye bomba.

Na hatuombi hospitali ya ghorofa. Kila wadi ipate mhudumu mmoja aliyefunzwa punda, awe na mpira wa tumbo, kisu cha kwato, chanjo ya pepopunda, na tupa ya kusugua meno, maana meno ya punda huendelea kuchomoza karibu maisha yake yote. Kaunti iliyojenga kiwanda cha matunda hapo hapo Kalamba haiwezi kusema hili limeishinda.

Wewe unayesoma ukiwa mjini, ukienda ushago Desemba, angalia kwato za punda wenu. Kisha muulize MCA wako swali moja tu: huyu akiugua usiku, tumpigie nani?