"Run" si kukimbia tu

Ndugu mwandishi, asante kwa kuligusa neno "run", ila umeliacha njiani. Katika toleo la pili la kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, la mwaka 1989, neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", lenye maana zaidi ya 400. Baadaye mhariri wa kamusi hiyo, Peter Gilliver, alikaa na "run" kwa miezi kama 9, akahesabu maana 645 za kitenzi peke yake, likalipita "set".

Kwa maoni yangu, mashine ndizo zilizolikuza. Treni, injini, viwanda, na sasa programu za kompyuta, vyote kwa Kiingereza hu-"run". Mto ukitiririka, kamasi zikitoka, rangi ya nguo ikichuja, duka likiendeshwa, neno ni hilohilo. Kwenye kriketi ni alama. Kinachonivutia zaidi ni siasa: Mmarekani anayewania urais hu-"run", lakini Mwingereza anayegombea ubunge hu-"stand", yaani husimama. Lugha moja, kugombea kulekule!

Walimu wa Kiingereza wa shule zetu, nawasihi, msiwakaririshe watoto kwamba "run" ni kukimbia mkaishia hapo. Tanzania mtoto hufika kidato cha kwanza akakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Akisoma kwamba bomba lina-"run", atakwama. Mpeni sentensi nzima, tena nyingi.