Kutoka Kioo Hadi Kioo

Kila mama wa nyumbani anajua kwamba maziwa hayangoji. Protini nyingi ndivyo zilivyo: huharibika upesi, na kuziunda moja moja ni kazi ndefu. Lakini DNA, iliyobeba maagizo ya kuziunda, hudumu zaidi.

Mwaka 2008 wataalamu wa Taasisi ya Babraham, karibu na Cambridge, Uingereza, walieleza namna ya kuitumia tofauti hiyo. Vitone vya DNA vilibandikwa kwenye kioo kimoja. Kioo cha pili kilipakwa kemikali ya kunasa protini. Katikati uliwekwa utando uliolowa majimaji ya bakteria waliopondwa, ambayo bado huweza kuunda protini. Kila kitone kilitoa protini yake, ikavuka utando na kunaswa upande wa pili. Kioo kimoja cha DNA kilitoa nakala zisizopungua 20.

Faida ni nini? Protini hizo zikiwa za vijidudu vya maradhi, maji ya damu kidogo tu hupitishwa juu yake. Kingamwili za mgonjwa hushika protini zinazozitambua, na mtaalamu akajua mwili umepigana na nani.

Hicho si dawa, ni kipimo. Hata hivyo, askari asiyemjua adui hulenga gizani.