Asiyepona Naye Ana Haki ya Kulala

Sijui wewe msomaji ulikuwa wapi ulipoambiwa maneno haya, au kama utakuja kuambiwa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa wodi, leso ya shangazi yangu mkononi. "Mpelekeni nyumbani, hakuna lingine tuwezalo kufanya." Nyumbani kwenyewe ni mwendo wa saa tano kwa matatu. Saratani ya njia ya uzazi ilikuwa imeshaenea, na dawa tuliyopewa ni panadol.

Usiku wa kwanza sitausahau. Shangazi, mwanamke aliyezaa watoto saba bila kupiga yowe, aliuma pindo la blanketi hadi likatoboka. Bintiye alimgeuza huku na huku, naye akilia kuliko mgonjwa. Majirani waliokuja kumjulia hali walikaa kidogo tu, kisha wakaaga. Nani awezaye kuketi akisikiliza?

Wiki ya tatu, muuguzi mmoja mstaafu wa pale kijijini alituelekeza kwenye hospisi katika mji wa jirani. Tulirudi na chupa ndogo ya mofini ya kunywa. Usiku huo Shangazi alilala. Asubuhi aliomba uji, akauliza kama ng'ombe ameshauzwa, kisha akaagiza aitwe kitinda mimba wake ambaye walikuwa wamekosana tangu Krismasi. Alifariki siku kumi na moja baadaye, wakiwa wamepatana.

Sasa niambie, mpenzi msomaji, kwa nini chupa ile isipatikane katika zahanati ya kijijini?

Si kwamba nchi yetu haijui la kufanya. Hospisi ya Nairobi, iliyo katika uwanja wa Hospitali Kuu ya Kenyatta, ilianza mwaka wa 1990, na nyingine zikafuata mijini, aghalabu kwa michango ya wahisani. Serikali nayo ina sera ya kitaifa kuhusu huduma hii, ya mwaka wa 2021 hadi 2030. Ni karatasi nzuri. Lakini huduma za afya ziligatuliwa mwaka wa 2013, na wenye kuajiri wauguzi wa zahanati na kuagiza dawa zake ni kaunti. Kaunti isipotenga pesa, sera hulala kabatini hali mgonjwa hajalala.

Tazama majirani zetu Waganda. Mnamo 1993, Dkt Anne Merriman alianzisha hospisi jijini Kampala, mofini ya unga ikachanganywa na maji na mgonjwa akainywa akiwa kwake. Mwaka wa 2004 sheria ikawaruhusu wauguzi na maafisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu kuiandikia wagonjwa. Walikuwa wametambua kwamba daktari hafiki kijijini, ila muuguzi yupo. Kwa maoni yangu, mpango wetu wa miaka ijayo uanzie papo hapo, kwa muuguzi na chupa yake, kabla ya majengo na vibao vya kuzinduliwa na wakubwa.

Wapo watakaosema mofini ni dawa ya kulevya. Mjomba alisema hivyo hivyo, tena kwa ukali, hadi alipokesha na mgonjwa usiku mmoja. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha ya dawa muhimu, na ni nadra mgonjwa wa saratani anayepimiwa na mhudumu aliyefunzwa kugeuka mraibu. Wala haimharakishii kifo akipewa kipimo kinachomfaa.

Basi ukiambiwa umpeleke mgonjwa wako nyumbani, usiondoke wodini kabla ya kuuliza: Nani atamwandikia dawa ya maumivu? Tutaipata wapi? Na yakizidi usiku wa manane, tumpigie nani simu? Binamu yangu anasema lile la mwisho ndilo angeuliza kwanza.