Tuyajue Majina ya Vipuri Kabla ya Kuunda Tarakilishi

Rafiki yangu mmoja, mwalimu wa shule ya upili, alichukua mkopo katika chama chao cha ushirika ili aunde tarakilishi ya nyumbani. Alikusudia iwafae watu watatu: yeye mwenyewe katika kutunga mitihani na kujumlisha alama, mwanawe aliyekuwa akiandika tasnifu chuoni, na bintiye wa kidato cha tatu. Dukani aliahidiwa "kumbukumbu kubwa ya gigabaiti 512". Alilipa, akashukuru, akarudi nyumbani. Haikupita juma moja kabla ya tarakilishi hiyo kuanza kujikokota kama punda aliyeelemewa na mzigo. Kuifungua tasnifu pamoja na kurasa chache za intaneti kulitosha kuigandisha.

Alipoileta kwangu tuliifungua pamoja. Kumbukumbu yake haikuwa gigabaiti 512 hata kidogo; ilikuwa gigabaiti 4. Zile 512 zilikuwa za diski ya kuhifadhia kazi. Muuzaji hakusema uongo mtupu, wala hakusema kweli. Alijificha ndani ya neno. Na mambo hayakuishia hapo. Rafiki yangu alirudi mjini kununua kibao cha kumbukumbu cha gigabaiti 8, akauziwa kile cha kizazi cha DDR3 ilhali tarakilishi yake ilihitaji DDR4. Kilipokataa kuingia alikisukuma kwa nguvu, na ubao mama ukaharibika. Mkopo ulibaki wa kulipwa, nayo tarakilishi ikawa pambo la sebuleni.

Nimekitafakari kisa hiki kwa muda mrefu, na naamini kwamba chanzo chake hakikuwa upungufu wa ufundi. Kilikuwa upungufu wa maneno. Maoni yangu ni kwamba mwalimu au mwanafunzi yeyote anaweza kujichagulia vipuri vya tarakilishi bila ya kuwa mhandisi, mradi ajue kila kipuri kinaitwaje, kinafanya kazi gani, na maandishi yaliyobandikwa juu yake yanasema nini. Asiyejua hayo atalipa, na aghalabu atalipa mara mbili.

Tuanze na neno lililomponza rafiki yangu. Katika Kiswahili, kumbukumbu ni uwezo wa kukumbuka, na pia ni maandishi yanayowekwa ili yasisahaulike, kama vile kumbukumbu za mkutano. Maana hizi mbili zimeishi pamoja bila ugomvi kwa miaka mingi. Katika tarakilishi, hata hivyo, zinagombana, kwa kuwa kila moja ina kipuri chake na bei yake. Fauka ya hayo, vipuri vyote viwili hupimwa kwa gigabaiti. Lakini kilo ya sukari si kilo ya saruji, ijapokuwa mizani ni ile ile. Napendekeza basi tuliache neno kumbukumbu liwe la RAM peke yake, na diski tuiite hifadhi.

Tofauti yenyewe si ngumu kwa mtu aliyewahi kuketi katika chumba cha walimu. Hifadhi ni kabati. Kumbukumbu ni meza. Kabatini unaweza kuweka madaftari ya madarasa sita na kuyakuta yalivyo baada ya likizo. Mezani unaweka yale tu unayoyasahihisha sasa hivi. Meza ikiwa ndogo, utalazimika kuinuka kila mara kurudisha daftari moja na kuchukua jingine, na siku nzima itaishia njiani baina ya meza na kabati. Ndivyo hasa inavyofanya tarakilishi yenye kumbukumbu haba: huhamishia sehemu ya kazi kwenye hifadhi, ambayo ni ya polepole zaidi, kisha huirejesha, na kuihamisha tena.

Meza hiyo ina tabia nyingine inayopaswa kufahamika. Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM nchini Marekani, alipewa hataza mwaka wa 1968 ya kumbukumbu ambayo msingi wake ungali unatumika hadi leo: kila chembe ya habari hushikwa na chaji ndogo ya umeme inayolindwa na transista moja. Chaji hiyo huvuja daima, kwa hiyo ni sharti ihuishwe mara nyingi katika kila sekunde. Umeme ukikatika, yote yaliyokuwa mezani hupotea. Usiku wa Agosti 25, 2023, umeme ulipopotea katika sehemu kubwa ya Kenya, kazi yoyote iliyokuwa bado haijahifadhiwa katika tarakilishi zisizo na betri ilipotea papo hapo, hata kama kumbukumbu zake zilikuwa kubwa namna gani.

Je, mtu anunue kumbukumbu kiasi gani? Windows 11, iliyotolewa mwaka wa 2021, huomba gigabaiti 4 kwa uchache. Hicho ni kima cha kuiwezesha kuwaka, si kima cha kuifanyia kazi. Kwa mwalimu au mwanafunzi wa kawaida, gigabaiti 8 ni kiwango ambacho sipendi ashuke chini yake, na 16 zitamfaa kwa miaka kadhaa. Anayehariri filamu au kuchora ramani za majengo atahitaji zaidi. Asiyefanya hayo asishawishiwe kununua 64, kwa maana meza kubwa isiyokaliwa na madaftari haimfanyi mwalimu kusahihisha haraka.

Baada ya kiasi, itazamwe aina. Kumbukumbu za tarakilishi za mezani huja kwa vizazi: viwango vya DDR3 vilitolewa mwaka wa 2007, vya DDR4 mwaka wa 2012, na vya DDR5 mwaka wa 2020. Kila kizazi hutumia umeme wa kiwango chake: volti 1.5, kisha 1.2, kisha 1.1. Ili mtu asikosee, watengenezaji waliweka pengo dogo kwenye ukingo wa kila kibao, na pengo hilo haliko mahali pamoja katika vizazi vyote. DDR4 na DDR5 zote zina pini 288, lakini mapengo yake hayalingani. Kibao kinapokataa kuingia, kinakuambia kwamba hapo si kwake. Usikilazimishe.

Kinachoamua kizazi ni ubao mama, yaani ule ubao mpana unaobeba vipuri vyote, pamoja na prosesa inayokaa juu yake. Mathalani, prosesa za AMD za soketi ya AM4 hutumia DDR4, na zile za AM5, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 2022, hutumia DDR5 tu. Intel ya kizazi cha 12 hukubali DDR4 au DDR5 kutegemea ubao mama uliochaguliwa, lakini si zote mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo anayeanza kwa kununua kumbukumbu kwa sababu ameikuta kwa bei nafuu ni kama mtu anayenunua mlango kabla ya kupima nyumba. Prosesa na ubao mama vitangulie, kumbukumbu ifuate.

Kisha kuna maandishi ya kibandiko, ambayo wengi huyaona kama hirizi. Kibao kimoja huandikwa DDR4-3200, kingine PC4-25600, na muuzaji asiye na haya humwambia mteja kwamba cha pili ni chenye kasi mara nane. La hasha! Ni kitu kimoja kilichosemwa kwa njia mbili. Nambari 3200 ni mamilioni ya safari za data katika sekunde moja. Kila safari hubeba baiti 8. Zidisha, utapata megabaiti 25,600 kwa sekunde. Hii ni hesabu ya shule ya msingi, na inatosha kumwokoa mtu na hasara.

Jambo jingine ni kwamba vibao viwili vya gigabaiti 8 vilivyo sawa, vikiwekwa katika nafasi ambazo kitabu cha ubao mama kinazielekeza, hupitisha data kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na kwa kawaida hufanya kazi kwa kasi kuliko kibao kimoja cha 16. Hata hivyo, ikiwa ubao una nafasi mbili tu na unatazamia kuongeza baadaye, kibao kimoja kina hekima yake, kwa kuwa kinakuachia nafasi. Muhimu ni kuamua kwa kujua.

Kidole kimoja hakivunji chawa, nayo kumbukumbu nzuri haiwezi kuokoa tarakilishi ambayo vipuri vyake vingine ni vibovu. Mosi ni prosesa. Hapa herufi moja ina uzito. Katika Kiswahili, ni herufi moja tu inayotenganisha "funga" na "fungua", na anayeipuuza atafunga alichoambiwa afungue. Vivyo hivyo, Intel Core i3-12100 ina sehemu ya kutoa picha ndani yake, ilhali i3-12100F haina. Anayenunua hiyo ya pili kwa sababu imepunguzwa bei, na hana kadi ya picha, atawasha tarakilishi yake aone kiwambo cheusi.

Pili ni hifadhi. Kama fedha hazitoshi, ni afadhali SSD ya gigabaiti 256 kuliko diski ya kuzunguka yenye ukubwa mara nne. SSD haina sahani inayozunguka wala sindano inayotafuta, na tofauti huonekana tangu pale tarakilishi inapowashwa.

Tatu ni kifaa cha kugawa umeme, kile mafundi wanachokiita pawasaplai. Hiki ndicho wengi hukibania, kwa kuwa hakionekani wala hakisifiwi. Lakini ndicho kinachoupokea umeme wa volti 240 kutoka ukutani, pamoja na misukosuko yake yote, na kuugawa kwa vipuri vyenye kuhitaji volti chache tu. Kikiwa duni na kikaungua, chaweza kuungua pamoja na vingine. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kama uwezo upo, iongezwe na UPS ili mtu apate dakika za kuhifadhi kazi yake umeme unapokatika.

Anayenunua tarakilishi iliyokwisha kutumika ng'ambo naye awe macho. Nyingi za zile ndogo zilizokuwa za maofisi zina pawasaplai na mbao mama za umbo lao wenyewe, hivi kwamba kipuri cha kawaida cha dukani hakiingii. Aidha, msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma Oktoba 14, 2025, na prosesa nyingi za kabla ya kizazi cha nane cha Intel hazimo katika orodha rasmi ya Windows 11. Mwenye tarakilishi kama hiyo bado anaweza kuweka Linux, ambayo hailipiwi. Lakini ajue hayo kabla ya kutoa fedha.

Najua wapo watakaosema kwamba huku ni kujisumbua bure. Mtu anunue iliyo tayari na ashughulikie kazi yake. Hoja hiyo ina mantiki kwa mwenye fedha za kutupa. Kwa mshahara wa mwalimu ni hoja hafifu. Mwishoni mwa mwaka wa 2025, bei ya kumbukumbu ilipanda kwa kasi duniani, kwa kuwa kampuni chache zinazoitengeneza kwa wingi, yaani Samsung na SK Hynix za Korea Kusini na Micron ya Marekani, zilielekeza nguvu zao katika kuvilisha vituo vya data vya akili unde. Mnamo Desemba mwaka huo Micron ilitangaza kwamba ingeacha kuwauzia wanunuzi wa kawaida kumbukumbu za jina la Crucial. Kipuri kinapopanda bei, ujinga wa kutokijua hupanda bei pamoja nacho. Zaidi ya hayo, tarakilishi uliyoiunda mwenyewe unaweza kuiongezea kumbukumbu baadaye, ilhali baadhi ya zile za kubebeka zimeunganishiwa kumbukumbu moja kwa moja kwenye ubao, na hakuna la kuongeza.

Hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Katika madarasa yetu ya tarakilishi, mwanafunzi hukariri kwamba RAM ni kitu fulani na diski ni kitu fulani, akapata alama zake, na asiwahi kukishika chochote kati ya hivyo. Kila shule ina tarakilishi moja iliyokufa inayokusanya vumbi stoo. Ichomolewe umeme, ifunguliwe, wanafunzi waguse kwanza chuma cha kasha ili kuondoa umeme tuli mwilini, kisha watoe kibao cha kumbukumbu, walitazame pengo lake, wasome kibandiko, na kukirudisha. Waambiwe majina kwa Kiswahili na waulizwe kwa Kiswahili. Saa moja ya kazi kama hiyo ina faida kuliko kurasa kumi za kunakili ubaoni.

Rafiki yangu alimaliza kuulipa mkopo wake baada ya miezi kumi na minane. Juzi aliniomba nimsindikize mjini tena. Nilikataa. Badala yake nilimpa karatasi yenye majina ya vipuri sita na swali moja la kuuliza juu ya kila kimoja. Aliporudi, kitu cha kwanza alichonionyesha kilikuwa kibandiko cha kumbukumbu, na alikisoma mwenyewe, herufi kwa herufi.