Bustani za Majirani Mjini Kampala
Mtu apitaye Kamwokya au Kawempe, ambako nyumba zimesongamana hata mahali pa kuanikia nguo ni adimu, huona mboga za nakati, dodo na sukuma wiki zikichipua katika magunia yaliyojazwa udongo na samadi, yenye nguzo ya mawe katikati ili maji yafike chini, na ubavuni yametobolewa matundu ya kupandia miche. Kituo cha kilimo cha Kyanja, kilicho chini ya Mamlaka ya Jiji, hufundisha ufundi huu, nacho chastahili shukrani. Lakini naamini kwa yakini kwamba amtiaye moyo mkulima wa uani, jua linapomkaushia miche, ni jirani yake, ampaye mbegu bila malipo, amwonyeshaye namna ya kunyunyiza majivu dhidi ya wadudu, na kumsifu hadharani kwa fungu lake la kwanza. Kwa hiyo wakuu wa jiji, waliokwisha kukiri kilimo cha mjini katika sheria ndogo za mwaka 2006, wawape majirani hawa kitalu cha pamoja katika kila mtaa, maana mpangaji wa chumba kimoja, ambaye mwenye nyumba aweza kumwamuru wakati wowote aondoe magunia yake, hawezi peke yake kuhifadhi mbegu za msimu ujao.