Mkulima Mdogo Asiachwe Peke Yake

Zipo kuta zinazojengwa kwa ushuru, na zipo zinazojengwa kwa karatasi. Kahawa yetu mbichi huingia katika nchi za Umoja wa Ulaya bila kutozwa ushuru wa forodha. Hata hivyo, sheria iliyopitishwa na Umoja huo mwaka 2023 imeweka sharti jipya: kahawa, kakao, mbao na mazao mengine kadhaa hayatapokelewa huko mpaka ithibitike kuwa hayakutoka katika ardhi iliyofyekwa msitu baada ya Desemba 31, 2020. Kila shamba hapana budi lionyeshwe mahali lilipo. Utekelezaji uliahirishwa mwaka 2024, ukaahirishwa tena mwaka 2025. Lakini kuahirishwa si kufutwa.

Hatuna ugomvi na nia ya kuhifadhi misitu. Tunachouliza ni nani atakayebeba gharama ya ushahidi. Mkulima wa kihamba cha Kilimanjaro au kibanja cha Kagera, mwenye mibuni aliyoipanda babu yake kati ya migomba, hakufyeka msitu wowote. Naye ndiye asiye na chombo cha kupimia. Kampuni kubwa itaajiri wapimaji. Chama cha msingi kinachokusanya kahawa ya mamia ya wakulima kitafanya nini? Mashamba machache yasiyopimwa yatatosha kuutia shaka mzigo mzima.

Ipo hatari kubwa zaidi. Mnunuzi binafsi akijitolea kuyapima mashamba, na kumbukumbu zikabaki mikononi mwake, mkulima atalazimika kumwuzia yeye tu, kwa bei aitakayo yeye. KNCU iliundwa mwaka 1933 ili wakulima wauze kahawa yao kwa pamoja. Haifai umoja huo uvunjwe na daftari la mtu mwingine.

Kazi yenyewe yawezekana. Kwa shamba lisilozidi hekta 4, sheria hiyo inaridhika na nukta moja tu ya mahali. Bwana shamba, mtendaji wa kijiji na mwalimu ajuaye kutumia simu wanaweza kuipima kata nzima kabla ya msimu. Halmashauri, ambazo hupata ushuru wa mazao kutokana na kahawa hiyo hiyo, ziigharimie kazi hiyo. Na daftari liwe mali ya wakulima wenyewe, litunzwe na chama chao cha ushirika.

Wahenga walisema mwenye nguvu mpishe. Lakini kumpisha njiani si kumwachia shamba.